Maji ya Upande Mmoja

Katika nyumba nyingi za Gatete milango hugoma wakati wa mvua. Mbao hunywa maji, hunenepa, na mwenye nyumba husukuma kwa bega mpaka fremu ilalamike. Mlango wa chumba chetu cha kulala uligoma kiangazi. Mimi ni mwashi, nimejenga na kukarabati nyumba kutoka Rumonge mjini mpaka Minago, na kwa miaka minne sikujiuliza kwa nini wa kwangu ulikuwa kinyume na ya wenzangu. Nasema hivi mapema ili anayetaka kunicheka anicheke sasa, tuendelee.

Siku mlango ulipogoma kabisa, mke wangu alikuwa ndani. Ilikuwa mwezi wa nane. Nilikuwa nimeshatoka asubuhi kwa baiskeli kwenda Minago, ambako nilikuwa naziba nyufa za duka la mtu. Niliporudi alasiri sikumkuta jikoni wala uani. Nikamwita. Akajibu kutoka chumbani, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mlango umekataa. Dirisha la chumba kile nililiwekea nondo mwenyewe, kwa kuogopa wezi, kwa hiyo hata pale hakuwa na pa kupita. Nikaleta mtaimbo, nikaung'oa mlango pamoja na fremu yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya mapaja, na alikuwa amekaa hivyo tangu saa mbili asubuhi. Nikamwuliza kwa nini hakupiga kelele watu wasikie. Akasema watu wangekuja kuvunja, na nyumba ni yangu, akaona bora nije nivunje mwenyewe.

Siku mbili baadaye alifunga nguo zake katika vitenge viwili, aende Kabezi kwa dada yake. Hatukugombana. Laiti tungegombana, maana ugomvi una mahali pa kuanzia kupatana. Alisimama uani, akautazama ufa uliopanda kutoka kona ya nyuma mpaka karibu na bati, ufa ambao nilikuwa nimeuziba mara tatu, akasema, "Nitarudi nyumba ikitulia."

Maneno hayo niliyachukua kama mtu wa kazi anavyochukua kazi. Nyumba ikitulia, mke atarudi. Nikayarudia barabarani, nikayarudia nikichanganya zege la watu wengine. Tangu siku ile sikuwa na shauku nyingine duniani isipokuwa kuituliza ile nyumba.

Sisi ni watu wa kurudi. Nilizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na mke wangu vilevile. Tulifika Gatete tukiwa watu wazima, tumeoana, nchi yetu tunaijua kwa masimulizi ya wazazi. Shamba la baba yangu tulikuta lina mtu, mjane aliyekuwa amelima pale karibu umri wake wote. Wakubwa wa eneo wakaligawa: yeye akabaki na nusu ya juu yenye michikichi, sisi tukapewa nusu ya chini. Sikumpenda yule mama. Hakuwa amenikosea chochote, ila kila nilipomwona akivuna chikichi niliona kama baba yangu anaibiwa mara ya pili, na mimi nasimama tu natazama.

Nusu ya chini ni udongo mweusi. Wakati wa mvua unanata vidoleni kama ugali wa muhogo ambao haujaiva. Ukiuacha mpaka mwezi wa saba unakuwa mgumu kama jiwe, na unapasuka, nyufa zinazoweza kuumeza mkono wako mpaka kiwiko. Kule nilikojifunza kazi ardhi ni nyekundu: unachimba mpaka gotini, unapanga mawe, unajenga, unasahau. Hapa nilichimba mwezi wa saba, na sururu ilikuwa inagonga na kuruka. Nilifurahi mno. Nilimwambia mke wangu kwamba udongo wa namna hii unabeba hata ghorofa. Mjane alikuwa amesimama mpakani na beseni lake kichwani. Akaniambia, "Fundi, iyi budongo sasa iko ngumu, lakini ni ya kudanganya. Mvua ikikuya inavimbaka kama mukate."

Nikamjibu kwamba sikuja kufundishwa kujenga na mtu anayelala kwenye nyumba ya fito na udongo. Nilimjibu kwa Kiswahili changu kilichonyooka cha Tanzania, ambacho yeye alikuwa akikicheka kila siku. Siku ile hakukicheka. Akarekebisha beseni, akaenda zake.

Leo ningeweza kumweleza mtu yeyote kile ambacho mama yule alikijua bila kwenda shule. Udongo ule ukinywa maji unapanda, ukikauka unashuka, na nyumba iliyokaa juu yake inapanda na kushuka nao. Nyumba yake ya fito ilikuwa nyepesi na laini, ikijipinda bila ugomvi, naye akiziba nyufa kwa kiganja na tope kila mwaka kama mtu anayejipaka mafuta. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma ilikuwa na kiburi kama mwenyewe. Haikujua kujipinda, ikapasuka.

Ufa wa kwanza nikauziba kwa saruji. Ukatokea pembeni yake, nikauziba huo pia. Watu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeitoa methali hiyo hakuwa mwashi wa Gatete, kwa sababu mimi niliziba kila ufa na ukuta niliujenga vilevile. Saruji unayoijaza kwenye ufa wakati wa kiangazi inakuwa kabari mvua zikirudi: ukuta unataka kujifunga, unakuta umezuiwa, unapasuka mahali pengine. Nilikuwa naipigilia nyumba yangu kabari mwaka baada ya mwaka, kwa moyo mweupe kabisa.

Kitu cha ajabu ni kwamba huku nyumba yangu ikinishinda, jina langu lilikuwa linakua. Ziwa lililo chini yetu lilipanda. Watu waliokuwa wamejenga karibu na mchanga walihama na mabati yao kichwani, wakaja kujenga huku juu, kwenye udongo wetu mweusi, na baada ya mvua moja wakaanza kumtafuta fundi wa nyufa. Fundi wa nyufa ni mimi. Nilijifunza kwa makosa yangu na kwa nyumba za wengine. Nilijifunza kuchimba mpaka chini ya zile nyufa za kiangazi, hata shimo likifika kifuani. Nilijifunza kufunga mkanda wa zege na nondo chini na juu, ili nyumba ikipanda ipande yote kwa pamoja, na kuizungushia sakafu ya mawe na saruji inayosukuma maji ya mvua mbali na msingi. Nilikataza watu kupanda miti karibu na ukuta. Kwangu sikufanya hata kimoja, maana nyumba ilikuwa imeshasimama. Mganga hajigangi.

Siku moja nilifanya kibarua kwenye jengo la shule ambako injinia alikuwa amekuja kutoka Bujumbura. Alikuwa mtu wa maneno machache, Kifaransa na Kiswahili vikigongana mdomoni mwake. Nilimwuliza udongo huu unaua nyumba kwa maji kiasi gani. Akaniambia, "Nyumba haiuawi na maji, fundi. Inauawa na maji ya upande mmoja." Akaeleza kwamba nyumba ikilowa sawasawa pande zote hupanda kama mtu anayenyanyuka kitini, na hakuna kinachovunjika. Shida ni kona moja ikinywa huku nyingine zina kiu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua tangu zamani, nikaenda kuchanganya zege.

Mke wangu alipoondoka, maneno hayo ndiyo niliyoyashika. Nikaanza kuipima nyumba. Nilipigilia msumari kila kona, minne yote kwenye usawa mmoja, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, nikitoka kanisani, niliukagua usawa huo kwa mpira wa maji. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani; unaujaza maji, unashika ncha moja huku na nyingine kule, na maji yanakaa usawa mmoja pande zote mbili hata ukiuzungusha nyuma ya nyumba. Maji hayana upendeleo.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Tulipokuwa tunaijenga nyumba, mke wangu ndiye aliyekuwa akinishikia ncha ya pili. Alikuwa na mkono uliotulia kuliko kibarua yeyote niliyewahi kumwajiri, na alikuwa na tabia ya kusema "bado, bado, haya" wakati maji yanatulia. Sasa niliifunga ncha ya pili kwenye msumari kwa kamba ya katani, nikawa nakimbia kuzunguka nyumba kuangalia huku, kisha kule, kisha huku tena. Mara nyingine nilijikuta nasema mwenyewe, "bado, bado." Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema. Nilipika ugali wa mtu mmoja ukawa daima wa watu wawili. Nililala sebuleni kwa sababu chumba kile hakikuwa na mlango, na pia kwa sababu ya kitanda.

Mvua zikapita, kiangazi kikarudi, na mpira ukaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Kona zote nne zilikuwa zimeshuka pamoja. Miaka yote iliyopita, sasa nilielewa, kona tatu zilikuwa zikishuka kiangazi na ya nyuma, ile ya chumbani, ikibaki juu, ndiyo maana fremu ilipinda na mlango kukaba. Mwaka huu kona ya nyuma ilikuwa imeshuka na wenzake. Ufa ulikuwa umejifunga mpaka wembe haupiti. Nikaurudisha mlango mahali pake, ukafunguka na kufungika kama mlango wa benki.

Nilikaa chini uani, nikafikiri. Kona inabaki juu kiangazi ikiwa tu inapata maji kiangazi, wakati mvua hakuna. Nani anaimwagilia? Nikatazama nyuma ya chumba. Pale palikuwa na migomba minne, hatua mbili tu kutoka ukutani, mizuri kuliko migomba yote ya jirani. Mwaka huu majani yake yalikuwa yamenyauka. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukiona: mke wangu akitoka bafuni kila jioni na beseni la maji aliyoogea, akizunguka nyuma ya nyumba. Kiangazi alikuwa akimwaga hata maji ya kunawa na ya kuoshea vyombo. Kila tone la maji lililopita mikononi mwake lilikwenda kwenye ile migomba, na kutoka kwenye migomba likaingia chini ya msingi wangu.

Nyumba ilikuwa imetulia kwa sababu yeye ameondoka. Nilipaswa kulikalia jambo hilo siku kadhaa kabla ya kufungua mdomo. Lakini mimi nikipata jibu la kazi huwa kama mtu aliyeokota kitu sokoni, lazima nikionyeshe. Nikampigia simu palepale.

"Nimempata mwizi," nikamwambia. "Ni wewe. Ni maji yako ya kuoga yaliyoivunja nyumba. Rudi, nyumba imetulia. Ila ile migomba naikata kesho."

Nikasikia kuku wa dada yake, kisha nikasikia simu imekatika. Nikadhani ni mtandao. Nikapiga tena, ikawa imezimwa, nikadhani ni moto wa simu umeisha, maana umeme ulikuwa wa shida. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha, mjinga wa watu.

Asubuhi nilinoa panga. Mpango ulikuwa rahisi: kung'oa migomba na mashina yake, kuchimba mfereji mpaka kiunoni nyuma ya chumba, na kumwaga sakafu ya saruji ili asije mtu tena kumwagilia pale. Nilikuwa nimeangusha mgomba mmoja nilipomwona mjane anavuka mpaka. Hakukimbia wala hakuita. Alikuja polepole kupitia muhogo wangu, akasimama kati yangu na mgomba wa pili, karibu hivi kwamba panga halikuwa na nafasi.

"Apo usikate, fundi," akasema. "Apo iko mutoto wenu."

Nitaeleza, maana asiye wa huku hatajua. Mwaka tuliorudi, kabla ya nyumba ya matofali, tuliishi kwenye kibanda cha udongo katika shamba hilihili, na mke wangu alikuwa mjamzito. Miezi saba ilipofika akajifungua, mimi nikiwa kazini Minago. Niliporudi wanawake waliniambia mtoto hakukaa. Hilo ndilo neno, hakukaa, kama mgeni aliyepita kusalimia. Kwa desturi tuliyoikuta kwa wakubwa wetu, mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini. Wanawake humzika nyuma ya nyumba, kwenye udongo laini wa migomba, na baba haambiwi ni wapi. Baba hapaswi kuuliza. Wanasema akiuliza anaifunga njia ya watoto wengine.

Sikuuliza. Watoto wengine hawakuja vilevile, na bado sikuuliza. Nikisema ukweli wote, ile desturi nilishukuru kuipata. Ilinipa ruhusa ya kwenda kazini kesho yake.

Mjane alinieleza akiwa amesimama palepale. Ni yeye aliyechimba, kwa jembe lake, kwa sababu mke wangu hakuwa na mama wala shangazi upande huu wa mpaka. Mke wangu alikuwa amekaa chini anatazama. Kiangazi kile cha kwanza ardhi ilipopasuka, mke wangu alikuja kwake mbio, amechanganyikiwa, amsaidie: nyufa zilikuwa zimefunguka pale, za kuingiza mkono, na alikuwa anaogopa. Mjane akampa machipukizi ya mgomba wapande, akamwambia amwagilie maji kila siku, kiangazi hasa, na udongo hautapasuka tena mahali pale. Na kweli haukupasuka tena.

Alijua udongo, yule mama. Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa. Udongo mweusi ukiulowesha kila siku unabaki umefunga, na hakuna ufa utakaofika kwa mtoto. Mke wangu alikuwa anafanya kazi yangu, kazi ya kuzuia nyufa, na aliifanya kwa beseni miaka yote hiyo bila kukosa hata mara moja.

"Alisema mutoto asilale mahali pa kupasuka," mjane akasema. "Weye ulikuwa haujue. Lakini haukutaka kujua pia."

Akauburuta ule mgomba uliokatwa mpaka kando, akarudi kwake.

Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, na kumbukumbu iliyonijia haikuwa ya mazishi, kwa sababu mazishi sikuyaona. Ilikuwa ya siku nilipovuta kamba kupima nyumba. Vigingi vinne vimekwisha kusimama, kamba imenyooka, pembe nimezikagua mara mbili, na mimi nimeridhika. Mke wangu akaja, akaitazama kamba ya nyuma, akaniuliza kama siwezi kuisogeza mbele kidogo. Nikamwuliza kwa nini. Akasema basi tu, pale nyuma pamekaribia migomba. Nikamwambia kamba imeshavutwa. Nilisema kwa sauti ya kuwafurahisha vibarua waliokuwepo, na wakacheka, na yeye akarudi jikoni. Hakuomba tena. Nikachimba msingi hatua mbili kutoka alipolala mtoto wangu, huku nausifu udongo.

Nilikuwa na njia tatu za kitaalamu. Ningeweza kukataza maji, nyumba ibaki imetulia. Ningeweza kuzungushia maji nyumba nzima kiangazi chote, kazi ya mabeseni mia. Au ningeweza kuhamisha nyumba. Nikabomoa chumba cha kulala.

Nilikibomoa tofali kwa tofali ili yasivunjike, mwenyewe, kiangazi kilekile. Nilisogeza ukuta wa nyuma mbele kwa hatua tatu. Zaidi ya hapo ningekuwa nalala sebuleni kwa haki. Nilichimba msingi mpya mpaka kifuani, mpaka pale ambapo nyufa za udongo zinakwisha na jembe linatoa udongo wenye unyevu usiobadilika mwaka mzima. Nilipanga mawe ya mtoni, nikafunga nondo, nikamwaga mkanda wa zege. Nilitenga ukuta mpya na ule wa zamani kwa nafasi ya upana wa kidole, ili ukuta mmoja ukipanda usimburute mwenzake. Bati nalo likafupishwa. Na kila jioni nilioga, nikabeba beseni kuzunguka nyuma, nikamwaga kwenye migomba mitatu iliyobaki. Mwanzoni nilimwaga haraka na kuondoka, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaoswali. Baadaye nikawa nakaa kidogo.

Mjane alikuwa akileta sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, mchana, anaweka juu ya tofali, anaondoka. Siku ya tatu nilimwomba anisamehe lile neno la nyumba ya fito. Akasema amelisahau, kisha akalirudia lote, neno kwa neno, kwa kuniigiza Kiswahili changu cha Tanzania. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia.

Baada ya wiki kadhaa nilisikia kwa watu kwamba simu ya mke wangu imewaka tena, lakini sikupiga. Nilikuwa nimeharibu vya kutosha kwa simu. Nilisubiri zege likomae, nikaenda Kabezi mwenyewe, nimevaa shati la kanisani.

Nilimkuta uani kwa dada yake akichekecha unga wa muhogo. Dada yake alinipa kiti, akanitazama kama mtu anavyotazama mbuzi aliyekwisha kula mboga zake, akaingia ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikasema, "Nimesogeza kamba."

Chekeche lilisimama. "Hatua ngapi?"

"Tatu."

"Na migomba?"

"Nilikata mmoja. Mitatu ipo. Naimwagilia."

Akaendelea kuchekecha. Nikamweleza chumba kipya, kina cha msingi, nafasi ya kidole kati ya kuta. Nikamwambia pia ukweli, kwamba hatua tatu si nyingi kwa udongo ule, maji husafiri, na huenda ufa ukarudi. Akasema ufa haujawahi kumsumbua. Nikamwuliza kama atarudi. Akasema hajui. Akasema hapa dada yake anaongea naye mchana kutwa, mpaka anachoka, na amegundua kwamba anapenda kuchoka kwa namna hiyo. Aliniambia bila hasira, na ningependelea hasira.

Nikasimama kuaga. Nilikuwa nimeshafika kwenye lango nilipogeuka, nikarudi, nikachuchumaa mbele ya ule unga, nikauliza kile ambacho baba haulizi. Nilimwuliza mtoto wetu alikuwaje.

Alinitazama sana. Kisha akaweka chekeche chini.

"Alikuwa msichana," akasema. "Alikuwa na nywele nyingi. Na masikio yake yalikuwa haya yako, mabaya hivihivi."

Akaninyooshea mkono, akanishika sikio kwa vidole viwili, akalivuta kidogo, kisha akaliachia akarudi kwenye kazi yake. Nilipanda gari la Rumonge peke yangu, na unga kwenye sikio langu sikuufuta.